Usitie Mafuta Kwenye Shata

Mwezi uliopita nilishusha kibao cha studio yangu hapa Suna. Kutu ilikuwa imekila kiasi kwamba sikuhitaji bisibisi. Nilikivuta tu, kikanifuata. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Ninyi wapiga picha wa Migori na Homa Bay, mlioanza kuokota lenzi za zamani kwenye mitumba na kuzifunga kwenye kamera zenu mpya, mnaniuliza swali moja kwa sauti tofauti: Mama, hii imekufa ama imelala? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande. Nimeamua kuyaandika mara moja mambo niliyoyaona kwa karibu miaka arobaini, mkitaka mbandike ukutani. Habari za nilipata nini hamtazikuta humu. Wanaonijua wanajua sikujenga ghorofa.

Niliingia katika kazi hii kwa ugomvi. Nilikuwa msichana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, nimemaliza sekondari, nakaa kwa shangazi yangu Homa Bay nikitafuta nafasi ya kusomea uuguzi. Fomu ilitaka picha mbili. Nikaenda studio ya Fundi Ogutu karibu na soko la samaki, nikaketi mbele ya ukuta uliochorwa maua na ndege ya abiria. Ndege yenyewe ilikuwa na bawa moja. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mchoraji aliitwa kula chakula cha mchana akiwa katikati ya kazi, akaenda moja kwa moja.

Niliporudi kuchukua picha nikakuta jicho langu moja limefifia kama lililopakwa unga.

"Hii si sura yangu," nikamwambia.

Fundi Ogutu alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. "Ni yako. Mimi sina sura ingine hapa ya kupatia watu."

"Na hawa je?" Nikamwonyesha picha alizobandika ukutani kuvutia wateja: bwana harusi, mama na mapacha wake, askari mmoja. Wote walikuwa na doa lile lile la unga, mahali pale pale. Kwa bwana harusi liliangukia sikio, kwa askari liliangukia kofia.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akapita picha moja baada ya nyingine. Kisha akaingia chumba cha giza, akatoka na kioo kidogo kutoka kwenye mashine ya kuchapia, akakiinua dirishani. Katikati ya kioo kulikuwa na ukungu umetambaa kama nyuzi za buibui.

"Miezi mingapi sijui," akasema. "Watu wote hawa wamepita hapa na hakuna mtu ameniambia." Akanigeukia. "Wewe unaona. Unatafuta kazi?"

"Natafuta uuguzi."

Akanyoosha kidole kwenye rafu iliyojaa kamera zilizoletwa kutengenezwa. "Hata hapa kuna wagonjwa."

Ile fomu sikuipeleka. Shangazi alininunia kwa muda, kisha akaja kupigwa picha bure, tukapatana.

Mimi sikujua Dholuo, naye hakujua Kikuria hata salamu. Kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na mpaka anafariki sidhani kama aliwahi kulitamka jina langu, Boke. Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka alifunga mlango hata kama bibi harusi yuko nje na shela lake. "Mwambie Mungu pia alipumzika," alikuwa akiniambia nikawaeleze, na mimi ndiye niliyetazamana na shela.

Miezi ya kwanza hakunipa kamera. Alinipa saa ya mezani iliyokufa, bisibisi nne ndogo alizorithi kwa fundi saa, na karatasi. Kwenye karatasi nilichora duara lenye namba kama uso wa saa. Skrubu ya kwanza kutoka niliiweka saa moja, ya pili saa mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho, na wakati wa kurudisha nilitembea kinyume. Nilifungua ile saa na kuifunga mara nyingi hata ikaanza kutembea yenyewe, na hakuna aliyefurahi kuliko yeye, ingawa alichosema tu ni kwamba inapoteza dakika. Hadi leo natumia karatasi ile. Nimeona wengi wenu mkitia skrubu zote kwenye kifuniko cha soda. Endeleeni, mtanikumbuka.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokoteza, na vingine bado sijapata vya kuvishinda. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa kwenye pete ya lenzi hufungua pete ambayo koleo ingeikwaruza. Mpira wa kupulizia masikio ya watoto, ule wa hospitali, hutoa vumbi bila mate. Msiipulizie lenzi pumzi zenu, mnaipelekea mvua. Kitambaa cha kufutia kilikuwa shati kuukuu la pamba lililofuliwa hadi likasahau kuwa shati. Lenzi zilikaa kwenye debe la biskuti lenye mfuniko wa kubana, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukakauka, kwa sababu mvuke wa ziwa hauna huruma na kioo. Kila asubuhi isiyo na mawingu tulizitoa zile zenye dalili ya ukungu tukaziweka juani, kwenye meza mbele ya mlango. Ukungu hauhimili jua. Wapita njia walidhani tunauza.

Na alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: usifungue kitu kama hujui unakifungulia nini. Ya pili: usitie mafuta kwenye shata. Shata ni yale majani membamba ya chuma ndani ya lenzi yanayofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Majani yale hufanya kazi yakiwa makavu kabisa. Alizirudia kanuni hizi kama mtu anayesali. Mimi nilizisikia kama mtu anayesikia sala ya mwenziwe.

Mwaka wangu wa tatu, chifu msaidizi wa upande wa Magunga alituomba twende kuwapiga picha wazee na vijana waliokuwa hawajapata vitambulisho. Fundi alikuwa na homa. Akasema, "Nenda wewe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu, na nikapewa kamera aliyoipenda kuliko zote, ya Kijapani yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga.

Sasa nitawaambia kitu ambacho hata mume wangu nilimwambia baada ya miaka mingi. Jioni ile kabla ya safari niliiona shata inasitasita kidogo. Kidogo tu. Fundi alikuwa kitandani, nami nilitaka nionekane nimekuwa fundi. Nikafungua lenzi, nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mke wake, nikadondosha tone moja. Nikaijaribu: ikalia laini, kama mtu anayegusa ulimi kwenye kaakaa. Nikalala nikijipongeza.

Magunga walinipokea vizuri. Nilitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, watu wakapanga foleni. Nilikuwa na roli tatu za filamu, kila roli picha kumi na mbili, mtu mmoja picha moja. Watoto wa shule walikuwa wakiimba darasani jirani, na kwa kelele zile sikuisikiliza kamera. Jua lilipopanda lile tone likapata joto, likatambaa, likafika kwenye majani. Shata ikaanza kufunga polepole, kila mtu polepole zaidi ya aliyemtangulia, nami nilikuwa nikiwaambia, "Asante, anayefuata!"

Kwenye roli ya pili alikuja mzee aliyeitwa Abuto, mrefu, amevaa koti jeusi ambalo mikono yake iliishia juu ya vifundo vya mkono. Alizungumza muda wote, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Nilimwambia anyamaze kidogo, akanyamaza, nikabonyeza, akawa ameshaanza tena.

Siku iliyofuata, Homa Bay, Fundi alikuwa amepata nafuu. Nilisafisha filamu nikazitundika. Roli ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili na ya tatu zilikuwa nyeusi kama mkaa, maana mwanga ukizidi filamu huwa nyeusi, na ukizitazama dhidi ya dirisha uliona watu wenye vichwa viwili viwili. Watu ishirini na wanne. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha giza, mlango wazi, sikujali.

Fundi hakuuliza. Alichukua ile kamera, akaiweka sikioni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanusa.

"Ya cherehani," akasema.

"Ndiyo."

"Tone ngapi?"

"Moja."

"Moja inatosha." Akaiweka mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto. Nilingoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Utawaambia nini watu wa Magunga?"

"Tuseme filamu ilikuwa mbovu."

"Nani alitengeneza filamu? Yuko hapa ajitetee?" Akavua miwani. "Utaenda wewe. Utawaambia kwa lugha yao, usije ukajificha kwenye Kiswahili. Sema: An ema ne aketho."

"Maana yake?"

"Mimi ndiye niliharibu."

Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Dholuo. Nilijifunza kukiri kosa kabla ya kujua kuomba maji.

Nilirudi Magunga juma lililofuata, kamera ikiwa imeoshwa kwa petroli safi na Fundi mwenyewe. Nikasimama mbele ya ule ule ukuta, nikasema, "An ema ne aketho." Kisha mama mmoja akacheka, si kwa ubaya, kwa jinsi nilivyoitamka, na wengine wakafuata. Kijana mmoja hakucheka. Alikuwa ameacha kazi ya siku nzima kwa mara ya pili, akanieleza hivyo kwa Kiswahili safi, nami nikampiga picha wa kwanza. Nikaita majina kwa orodha. Nilipofika kwa Abuto hakuna aliyeitika.

"Huyo tulimzika juzi," chifu msaidizi akasema. "Kifua. Siku tatu tu."

Nilikuwa bado nimeishika orodha mwanamke mmoja mzee aliposogea, amejifunga leso kiunoni, akasimama karibu yangu sana. Ndiye aliyekuwa mjane wake, Yunia. Watu wote walimwita Dani, yaani bibi.

"Lakini yeye ulimpiga," akasema.

"Nilimpiga, Dani. Picha imeharibika."

"Imeharibika namna gani? Haiko, ama iko mbaya?"

"Iko mbaya."

"Basi iko." Akanishika mkono. "Hatuna ingine. Yeye hakuwahi kupigwa picha. Lete hiyo mbaya."

Nilirudi Homa Bay na maneno hayo, nikayaweka mbele ya Fundi. Alichukua ukanda wa filamu, akatafuta mahali pa Abuto, akautazama kwa kioo cha kukuzia. Macho ya mzee yalikuwa yametulia, maana alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Mdomo ndio ulikuwa umekwenda. Lakini weusi ulikuwa mwingi mno. Ukijaribu kuichapa ingetoka karatasi nyeupe tupu.

Kuna dawa ya kupunguza weusi kwenye filamu. Unachanganya chumvi moja nyekundu na ile dawa ya kukazia picha, unazamisha filamu, na dawa inaila picha kidogo kidogo. Ukiitoa mapema hujafanya kitu. Ukiichelewesha, inaimaliza, na hakuna kurudi nyuma. Uzuri wake ni kwamba inafanywa mchana, mbele ya dirisha, unaona kila kitu. Ubaya wake ni huo huo.

"Fanya wewe, Fundi," nikamwomba.

"Mkono wangu umetoka homa, unatikisika." Akaunyoosha tuone. Ulikuwa umetulia kama meza. Tuliutazama wote wawili. "Una watu ishirini na watatu wa kujifunzia," akaendelea. "Hao wako hai na umeshawapiga tena. Anza na hao."

Basi nikakata zile kanda mbili picha moja moja. Wa kwanza niliwayeyusha kabisa. Wakabaki plastiki safi kama kioo. Fundi alisimama na karai la maji, akihesabu kwa Dholuo nami nikiinua filamu kwa kibano: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Moja hadi tano, suuza, tazama, rudia. Wa kumi akatoka na shavu moja. Wa kumi na saba akatoka vizuri hata tukasikitika kwamba hakuwa yeye. Tulifika wa ishirini na tatu siku ya pili, Alhamisi, vidole vyangu vimekuwa vya manjano, na alikuwa amebaki mmoja.

Nilimzamisha Abuto. Fundi akahesabu, tukasuuza, tukatazama. Mara ya tatu paji la uso likaanza kuonekana. Mara ya nne, pua. Mara ya tano akahesabu hadi abich akasema, "Toa!" Mimi nikaliona jicho lile la kulia bado limefungwa na weusi, na nikajua, sijui nilijuaje, kwamba linahitaji kidogo tu. Nikangoja. Fundi akalisogeza karai karibu. Nikatoa, nikatumbukiza majini, na jicho lilikuwa wazi.

Fundi aliiinua dirishani. "Siku nyingine," akasema, "usinitii vibaya namna hii." Akaenda kuchemsha chai, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

Picha niliichapa kubwa, na Jumapili nikaipeleka Magunga. Dani Yunia alikuwa amekaa na wakwe zake wa kike barazani. Nilimkabidhi kwa mikono miwili nikaanza kueleza kasoro zote, kwamba mdomo umefanya vivuli viwili, kwamba kidevu si kizuri. Hakunisikiliza. Aliishika karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu.

"Alikuwa anaongea," akasema.

"Ndiyo, Dani. Nilimwambia anyamaze, akakataa."

Wale wanawake wakacheka kidogo, kwa tahadhari, kama watu wanaojaribu kama wanaruhusiwa. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Alikuwa anasema nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilisita, kwa maana niliona si maneno ya kupelekwa kwenye nyumba ya msiba. "Alisema nipige mpaka hapa kifuani tu, mikono isionekane. Alisema koti si lake, ameazima kwa jirani, na mwenyewe analitaka kabla ya saa sita."

Dani Yunia akaitazama tena picha. "Ni la Odhiambo!" akapaza sauti. "Tazameni! Mimi nasema mzee amependeza, kumbe ni koti ya Odhiambo!" Akaanza kucheka hadi leso ikamlegea, na wale wengine wakaachilia, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka akawa anacheka na kulia bila kupumzika, picha ameibana kifuani. Niliondoka pale na kuku wawili ambao sikuweza kuwakataa. Nimepiga maelfu ya picha kali, zilizotulia, zenye macho mawili na mdomo mmoja. Sikumbuki nyingine iliyopokewa hivyo.

Mafuta kwenye shata sikutia tena. Msitie.

Miaka ikasogea. Niliolewa Migori, nikafungua studio yangu Suna, na Fundi akawa ananitumia kamera zilizomshinda, kila moja ina kikaratasi: "Huyu anakohoa." "Huyu haoni mbali." Alipoacha kazi alinipa bisibisi zake, na alipofariki nilifunga studio Ijumaa kabla jua halijashuka, ingawa mimi ni Mkatoliki. Nilidhani angefurahi.

Kwa kuwa tuko karibu na mpaka, nilipata wagonjwa kutoka pande zote mbili. Katekista mmoja wa upande wa Tanzania aliniletea kamera nzito ya Kirusi ambayo picha zake zote zilikuwa na nyota, hata za mchana. Kamera zile shata yake ni pazia la kitambaa, na lake lilikuwa limetobokatoboka kwa sababu aliiacha bila kifuniko, lenzi ikitazama jua. Lenzi ni kioo cha kuwashia moto, kumbukeni hilo mnapoziacha kwenye dashibodi. Niliziba vitundu kwa rangi nyeusi ya kucha. Baada ya wiki mbili ikapasuka, nyota zikarudi, na katekista akarudi nazo. Mara ya pili nilichanganya gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli na masizi ya taa, nikapaka nyembamba kwa unyoya wa kuku. Ilishika kwa miaka. Aliniambia baadaye kwamba waumini wengine walizipenda zile nyota.

Kisha filamu zikaanza kuadimika, na picha zikaingia kwenye simu. Watu wakaniletea kamera za baba zao kana kwamba mimi ni makaburi. Sikukataa hata moja. Nilizipanga rafuni, na siku zisizo na mteja nilizifungua, nikazisafisha, nikasikiliza shata zao. Mume wangu alisema nyumba yetu ina kamera nyingi kuliko sahani, na alisema kweli. Ni katika miaka hiyo ya ukimya ndipo nilipozifahamu lenzi kwa undani, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinisubiri.

Kwa hiyo mkiwa sokoni na lenzi ya zamani mkononi, fanyeni hivi. Washa tochi ya simu nyuma yake utazame kupitia mbele. Vumbi kidogo lisikutishe, wala mkwaruzo mmoja, picha haitauona. Nyuzi kama za buibui ndizo za kuogopa, maana huambukiza zilizo jirani. Zungusha pete zote mbili. Ikiwa nzito kama ugali wa jana, grisi imeganda, na hiyo inatibika. Tazama majani ya tundu la mwanga kama yanang'aa mafuta. Itikise karibu na sikio, usikie kama kuna skrubu iliyolegea. Kisha inuse. Lenzi inayonuka kama chini ya kitanda itakupa kazi. Na ukiipenda licha ya hayo yote, inunue, usiniambie.

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho aliingia yote mawili. Moja limetengenezwa, la pili linangoja zamu, na skrubu ndogo kwangu sasa ni uvumi tu. Nilipotangaza nafunga, Achieng, ambaye ana studio yake Rodi Kopany na watoto wawili na wateja wa harusi kila Jumamosi, alikuja Suna na kitu kimefungwa kwenye soksi. Ilikuwa lenzi ya Kijerumani, nzito, ya zamani kuliko mimi, na ukungu ndani.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia. "Sioni."

"Mimi naona," Achieng akasema. "Sema tu."

Tulikaa mezani mchana kutwa. Nilimchorea duara la saa kwenye karatasi, nikafumba macho, nikashika lenzi kwa vidole nikimwambia pete ipi, upande gani, nguvu kiasi gani. Alipotaka kuharakisha nilimzuia, naye aliponiona nasahau alinikumbusha skrubu iko saa ngapi. Kioo cha tatu ndicho kilichokuwa na ukungu. Alikifuta, akakiinua dirishani.

"Umetoka wote?" nikauliza.

"Imebaki alama kidogo pembeni. Aki si mbaya."

"Iache."

Aliifunga, akaiunga kwenye kamera yake mpya, akatafuta cha kujaribia. Chumbani tulikuwa wawili tu. Akavuta stuli karibu na mlango, penye mwanga.

"Kaa hapa, mama."

"Mimi? Niko na nguo za kazi."

"Ndiyo nataka."

Nikaketi. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilikuwa nimewaambia watu kwa karibu miaka arobaini watulie, na sikuwa nimejua kwamba mtu akitulizwa hivyo husikia hata meno yake. Nikatamani kuongea. Nikaongea.

"Umepiga?"

"Bado. Nyamaza kidogo, mama. Naizungusha."

Shata ikalia. Achieng akaja akanionyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akaikuza ili jicho langu zuri lione. Palikuwa na mwanamke mzee, nywele nyeupe pembeni, mwanga umemlalia begani, na nyuma yake rafu imeyeyuka ikawa laini kama moshi. Nilimtazama kwa muda. Nilimpenda, nitakuwa mwongo nikisema sikumpenda. Kisha nikasogeza uso karibu zaidi.

"Achieng. Umelenga wapi?"

"Kwa jicho."

"Hilo ni sikio. Sikio ndilo kali. Jicho limelala."

Akaitazama, akashika mdomo. "Woi! Ni kweli."

"Lenzi hizi hazikulengei. Ni mkono wako."

"Niambie basi nifanye nini."

"Rudia," nikasema, nikaketi tena vizuri, nikanyoosha shingo.